Kitako cha Bakuli la Wifi

Bakuli la wifi yangu lilipasuka lenyewe, alasiri ya Jumapili, sebuleni kwake Barking, mashariki ya London, wanawake wamejaa kwenye makochi na wengine chini kwenye zulia. Hakuna aliyekuwa ameligusa. Lilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, ndani yake mna maji ya kombe yenye rangi ya zafarani, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kusema kwamba maandishi yaliyo kwenye kitako chake si jina la Mwenyezi Mungu, ni saini ya mfinyanzi wa Kitaliano. Tukasikia mlio mdogo, kama mtu anayekata ukucha. Halafu maji ya manjano yakaanza kutembea juu ya kitambaa cha meza.

Wote walinitazama mimi.

Katika familia yetu habari hii husimuliwa kuanzia kwenye maji yaliyomwagika, na anayeianzia hapo ameshanihukumu. Kwa hiyo nitarudi nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya nyumba za manispaa, nikijibu barua za watu wanaolalamikia ukungu wa ukutani. Tulikaa Neasden, mume wangu, binti yetu na mimi. Jumamosi mume wangu alibaki na mtoto, nami nikazunguka kwenye maduka ya mitumba ya hisani, yale ambayo sisi sote tuliyaita machariti. Wenzangu walitafuta makoti ya watoto na masufuria mazito. Nami nilianza hivyo hivyo. Siku moja, nyuma ya birika la umeme lisilo na waya, nikaona chombo cha maua cha udongo, buluu iliyokolea, kimegongwa vialama vidogo mwili mzima kana kwamba ndege alitembea juu yake kabla hakijakauka. Nikakigeuza. Chini kulikuwa na namba na jina la nchi, Italia, vimeandikwa kwa brashi, kwa haraka, na mtu aliyekuwa na vingine vingi vya kuandika.

Mama yangu alikuwa na mabakuli ya Kichina ndani ya vidaka vya ukuta, na sisi watoto tuliruhusiwa kuyapangusa vumbi tu, tena kwa kusimamiwa. Sikuwahi kujua nani aliyatengeneza. Labda ndiyo sababu mkono ule wa brashi ulinishika. Nilitaka kumjua aliyeandika.

Nikaenda maktaba. Nilijifunza kwamba vyombo vya Kijerumani vya miaka ya hamsini na sitini, ambavyo wauzaji huvichanganya na vya Kitaliano, vina namba iliyogandamizwa ndani ya udongo, wakati Waitaliano wengi waliandika yao kwa brashi juu ya kitako. Nilijifunza kutazama pale rangi inayong'aa inapoishia, maana hapo udongo hubaki uchi na kusema ulikotoka: mwekundu, au mweupe kama unga wa muhogo. Nilijifunza kutoamini karatasi za dhahabu zilizobandikwa, kwa sababu karatasi hubanduka na kubandikwa kwingine. Na katika kitabu kimoja kikubwa, ambacho hakikuruhusiwa kutoka maktaba, nikamkuta mfinyanzi mmoja.

Hakuwa wa kiwanda. Alifanya kazi katika karakana yake mwenyewe baada ya vita, na kila chombo alikitia saini. Rangi yake ilikuwa nyeupe, ya chokaa iliyokauka, ikiparara na kuachia mistari myeusi iliyokwaruzwa kwa ncha ya kitu. Kitabu kilikuwa na picha tatu za mabakuli yake, moja ya saini yake, ambayo ilikuwa mistari miwili iliyosimama, kitanzi, na mkia mrefu, na moja yake mwenyewe, ameinamia gurudumu lake la kufinyangia. Nilitaka chombo chake kimoja. Sikutaka viwili. Kwa miaka sita au saba kila bakuli jeupe nililoliona London nililigeuza kwa ajili yake.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kukaa Barking wakati huo, na Jumapili akawa anatoka nami. Twende machariti, twende pia kwenye lile soko la watu wanaouza vitu kutoka kwenye buti za magari, ambalo tuliliita kabuti, hata shangazi yao yeye na mume wangu alipolisikia kwenye simu kutoka Unguja akadhani kila wiki tunanunua makoti ya baridi.

Wifi ana ulimi. Hakuchukua muda kunipa jina.

"Jamani, huyu wifi yangu mie," aliwaambia watu harusini, "akiingia nyumbani kwa mtu hatazami uso wa mwenye nyumba. Anatazama kitako cha sahani!"

"Sasa nitazame uso wako ninunue nini?" nilimjibu.

"Haya, mama vitako. Weye wanunua kwa miwani, mie nanunua kwa roho."

Na roho yake, hilo lazima niliseme, ilikuwa na mkono mwepesi. Mimi nilikuwa na utaratibu: meza ya kwanza hadi ya mwisho, juu halafu chini, halafu maboksi ya sakafuni. Yeye alitembea kama anayekwenda kwingine, akaongea na huyu, akacheka na yule, akanyoosha mkono na kutoka na kitu. Alinunua birika la shaba lililokuwa la shaba kweli. Alinunua zulia ambalo Mwajemi wa Edgware Road alimsimamisha barabarani kulisifu. Mimi nikarudi na chombo cha Kijerumani, namba imegandamizwa.

Nina maneno ya kuchagua kwa niliyoyahisi. Wivu ni wa mtu anayelinda chake. Kijicho ni cha mtu anayetamani cha mwenziwe. Husuda ni pale anapoona bora kisiwepo kabisa, yeye akose na mwenziwe akose. Nilijipima kwa maneno haya ndani ya treni kama mtu anayejipima homa, na kwa kawaida nilijikuta kwenye la pili.

Bakuli alilipata kwenye mnada mdogo wa kanisa moja karibu na kwake, ukumbi wenye harufu ya chai na sakafu iliyopigwa nta. Mimi nilikuwa meza ya tatu. Yeye alikwenda moja kwa moja meza ya mwisho, ambako viatu, sweta na vyombo vilikuwa vimechanganywa pamoja. Akanyanyua bakuli jeupe.

"Ngoja nami nitazame kitako," alisema kwa sauti ili nisikie, "nisije nikaitwa mshamba."

Akaligeuza. Kicheko kikakatika.

"Bismillahi," akasema. "Wifi, njoo. Njoo uone."

Nilifika. Rangi ya chokaa iliyokauka. Mistari myeusi iliyokwaruzwa, ikizunguka ndani kama maji yanayoingia shimoni. Kwenye kitako, mistari miwili iliyosimama, kitanzi, na mkia mrefu.

"Tazama herufi hizi, hii lamu," wifi alininong'oneza. "Tazama taa hii. Hii ni Latifu! Jina la Mola limewekwa baina ya viatu vya watu! Subhanallah."

Kwa kusoma kutoka kulia, ilikuwa hivyo. Kwa kusoma kutoka kushoto, ilikuwa saini niliyoijua kama ninavyojua ya mume wangu. Furaha nikaificha, kwa sababu muuzaji alikuwa anatutazama, na mnunuzi anayefurahi mbele ya muuzaji amejipiga mwenyewe. Wifi akalipa. Akavua mtandio wake wa mabegani, akalifunga bakuli na kulikumbatia kifuani. Tulipokuwa tunatembea kuelekea kwake nikamwomba nilishike kidogo.

Akanitazama. "Una udhu?"

Sikuwa nao.

Ningeweza kumwambia siku ile. Nilipanga kumwambia. Lakini nilijua ada zetu, naye anazijua: ukikisifia kitu cha mtu kwa bidii, umekiomba, na mwenye nyumba muungwana hukwambia chukua. Kama ningemwambia bakuli lake ni adimu, na kwamba nimelitafuta miaka yote ile, angelazimika kunipa au kuonekana mchoyo. Na kama ningemwambia maandishi si jina la Mungu, ingekuwa kama nimemshushia kitu chake thamani ili akiache. Sikuona mlango wa kupitia. Nikanywa chai yake, bakuli likiwa juu ya kabati refu kuliko yote, karibu na dari, mahali ambapo hata kitako chake sikuweza kukiona.

Halafu likaanza kazi.

Kombe, kwa asiyejua, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, na mwenye haja akanywa. Mwalimu wa chuo cha Kurani ambako watoto walikwenda Jumamosi aliandika sahani kama kawaida. Wifi akaona kwamba maji yale, badala ya kutiwa kikombeni, yatiwe kwenye bakuli lenye jina. Jirani yake aliyekuwa halali usingizi akalala. Mwanamke mmoja wa Pemba akapata karatasi zake za ukaazi. Msichana mmoja akafaulu mtihani wa uuguzi. Sijui wangapi walikunywa na wasipate kitu, hao hawakurudi kusimulia.

Siku moja niko kwenye duka la Mwarabu Edgware Road, nanunua iliki, nikawasikia wanawake wawili wa Mombasa wakichagua zafarani.

"Chukua ile nzuri, ni ya kupeleka kwa lile bakuli la Barking."

"Mwenye bakuli namjua," nikajikuta nasema. "Ni wifi yangu."

"Mashaallah!" mmoja akanishika mkono. "Una bahati weye."

Nililipa iliki nikatoka. Nilipofika kituoni nilikuwa na hasira ya kweli, na nikaanza kuipanga. Kwanza, lilikuwa bakuli nililolitafuta mimi. Pili, lilipatikana na asiyelitafuta. Tatu, sasa lilikuwa maarufu London nzima kwa jambo ambalo silo. Mfinyanzi wangu, aliyeinama juu ya gurudumu katika ile picha, alikuwa amepokonywa saini yake na watu waliomheshimu kuliko nilivyomheshimu mimi.

Kulikuwa na jambo la nne, na hili halikuhusu roho yangu. Kitabu kilieleza kwamba baadhi ya rangi za vyombo vya mapambo zina madini ya risasi, na kwamba havifai kulia wala kunywea. Watu walikuwa wananywa. Nikamwambia mume wangu.

Aliweka gazeti chini. "Unasema kwa ajili ya risasi," akauliza, "au kwa ajili ya bakuli?"

"Kwa ajili ya risasi."

"Basi mwambie. Mwambie polepole."

Binti yetu, aliyekuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kutosha kucheka mambo yetu, akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba shangazi hatasikia chochote zaidi ya neno bakuli.

Jumapili ile nilikwenda na udhu. Nilitaka kuanza naye peke yake jikoni, lakini wageni walikuwa wamefika mapema, na jikoni mlijaa. Bakuli lilikuwa limeshateremshwa, liko mezani, maji yamo ndani. Mwanamke mmoja kijana, mjamzito, alikuwa amekwisha kusogea apewe wa kwanza. Nikasema.

"Wifi, samahani. Asinywe kwanza."

"Kwa nini?"

"Rangi ya vyombo hivi vya zamani, mara nyingine huwa mna risasi ndani."

Mama mmoja akageuka. "Risasi? Nani kapigwa risasi?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, na kama ningeishia pale tungekunywa chai. "Madini," nikasema, "si ya bunduki. Si chombo cha kunywea hiki, ni cha pambo. Kizuri sana, hakipatikani hovyo, mie nimekitafuta miaka. Kimefinyangwa na Mtaliano mkubwa. Na hayo maandishi ya chini ni saini yake, wifi. Ni jina la mtu."

Wifi hakupandisha sauti. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Miaka hiyo yote," alisema, "weye unalijua bakuli langu, umekaa nalo moyoni. Leo mbele ya watu ndipo umelitamka. Na hukusema hata mashaallah."

Nilisema. Nina hakika nilisema, mara tu alipomaliza. Mlio ule ulikuja baada yake. Wanawake waliokuwapo, wote isipokuwa yule mjamzito, wanashikilia kwamba mlio ulikuja kwanza na mashaallah yangu ikaja baadaye. Mjamzito anasema hakusikia chochote kwa sababu mtoto alikuwa anampiga teke.

Sababu za kupasuka ninazo. Chini ya dirisha lile palikuwa na bomba la kupasha joto, na ilikuwa Januari. Vyombo vile huchomwa kwa moto mdogo, hunyonya maji kupitia nyufa nyembamba kama nywele, na maji yalikuwa yakitiwa humo wiki baada ya wiki. Nilizieleza sababu zote hizo pale pale, kwa utaratibu, huku nikisaidia kukamua kitambaa. Hakuna aliyebisha. Mmoja tu aliuliza, kwa upole, mbona lilikuwa likiwekwa dirishani pale wiki zote hizo na likangoja mdomo wangu.

Tangu hapo, nikiingia kwenye nyumba ya watu wetu, wapo wanaofunika vikombe kwa viganja kwa mzaha. "Mama vitako huyo! Mashaallah, mashaallah!" Tunacheka. Akina mama wenye vichanga hawacheki.

Na mimi nilibaki na hesabu yangu. Ikiwa saini ilikuwa yake mfinyanzi, basi nilisema kweli, na kweli haiwezi kuitwa kijicho hata ikitoka katika mdomo wenye kijicho. Ikiwa si yake, basi sikuwa na kingine ndani yangu siku ile ila kile walichokiona wao.

Bakuli lilikuwa limepasuka vipande vingi, lakini kitako kilitoka kizima, kama kifuniko. Wifi alinipigia simu wiki kadhaa baadaye. Hakunisalimu.

"Kuna kitu nimempa kaka. Mpelekee huyo Mtaliano wako."

Mume wangu alikuwa amekibeba ndani ya ule ule mtandio.

Nilimpelekea kwanza mwalimu wa chuo, kwa kuwa nilitaka kumaliza na upande wa wifi. Alinawa mikono, akakiweka kwenye mwanga, akakigeuza mara nyingi. "Naiona lamu," alisema. "Taa naiona. Lakini fa ingekuwa na nukta juu, na hapa nukta iko chini, kama si povu la rangi." Akakirudisha mtandioni kwa mikono miwili. "Mimi sisemi ni jina Lake. Na sithubutu kusema silo."

Nikaenda kwa Mwingereza mmoja mwenye meza kwenye jumba la vitu vya kale, aliyekuwa akiuza vyombo vya Kitaliano tangu kabla havijapendwa. Ndiye niliyemtegemea. Alipitisha kidole kwenye ukingo uliovunjika. Udongo wa Italia, alisema, hana shaka. Rangi ni ya karakana ile au ya mtu aliyefundishwa humo. Nikanyoosha mtandio nikifunge. Halafu akachukua kioo cha kukuzia na kuinamia saini, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Njoo uangalie," alisema.

Alinionyesha jambo ambalo miaka yote ile ya kugeuza vitako sikuwahi kulitazama. Brashi inapoanza huwa imejaa rangi, hivyo mwanzo wa mstari huwa mnene, na mwisho wake hukauka na kuchanika. Akaweka ncha ya kalamu kwenye unene. Ulikuwa upande wa kulia. Akaifuata mpaka ilipokauka, kwenye mkia. Ulikuwa upande wa kushoto. Aliyeandika, vyovyote alivyokuwa, aliandika kutoka kulia kwenda kushoto.

"Anaweza kuwa aliandika hivyo kwa mkono wa kushoto," alisema. "Wapo wa namna hiyo. Kama huyu mfinyanzi wako alikuwa hivyo, mimi sijui. Saini zake nilizowahi kushika zilizama chini ya rangi, mtu haoni brashi ilipoanzia."

Nilimrudishia wifi kitako chake mimi mwenyewe, Barking, na nikamweleza yote, na la brashi pia. Sikuficha. Alisikiliza akiwa amesimama, akakiweka juu ya kabati, mahali pa bakuli.

"Kulia kwenda kushoto," akasema. "Kwani mie nilikwambiaje?" Kisha akaniuliza kama nitakula.

Nilikula. Chakula kilikuwa kizuri, nikasema mashaallah kabla ya kusema kizuri.

Hapo katikati ya miaka ya elfu mbili vyombo vya Kitaliano vilianza kutafutwa na kila mtu, na meza za makanisa zikakaukiwa. Bakuli jingine la mfinyanzi yule sijaliona. Kile kitabu kikubwa bado kipo maktaba, na nimekwenda mara nyingi kukitazama, si mabakuli wala saini, ambayo imechapwa ndogo mno kwa mtu kuona unene wa mstari. Naitazama ile picha ya mfinyanzi mwenyewe, ya pekee ninayoijua, nijue alishika brashi kwa mkono upi: ameinama juu ya gurudumu. Brashi yake iko mbali, ndani ya kopo, dirishani. Mikono yake yote miwili imezama ndani ya udongo.